Maumivu ya unyayo

Maumivu ya unyayo ni maumivu yanayosikika katika sehemu ya mguu iliyo chini ya kifundo, yaani kisigino, upinde wa katikati, sehemu ya juu ya unyayo na vidole. Katika Kiswahili neno "mguu" hubeba kila kitu kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole, hivyo mgonjwa akisema tu kwamba mguu unamuuma, daktari hana budi kumuuliza ni wapi hasa. Jibu la swali hilo lina thamani kubwa. Mara nyingi mahali panapouma, saa ambayo maumivu yanakuja na jambo linaloyazidisha hutosha kutambulisha chanzo kabla ya kipimo chochote kufanyika.

Maumivu mengi ya unyayo hayatokani na ugonjwa wa hatari bali na mzigo: sehemu fulani imebebeshwa zaidi ya ilivyozoea, kwa muda mrefu kuliko inavyoweza kustahimili. Hayo hupona polepole, kwa kawaida bila upasuaji. Yapo machache yanayohitaji daktari haraka. Na ipo hali moja iliyo mbaya kuliko maumivu yenyewe, nayo ni unyayo uliopoteza uwezo wa kuuma.

Muundo wa unyayo

Kila unyayo una mifupa 26, kwa hiyo nyayo mbili hubeba mifupa 52, karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Mifupa hiyo imeshikiliwa na ligamenti, kano na misuli zaidi ya mia moja. Chini yake umelala ukanda mgumu wa nyuzi unaoitwa fashia ya unyayo. Ukanda huo huanzia kwenye mfupa wa kisigino na kuishia kwenye mashina ya vidole.

Mwaka 1954 J. H. Hicks alieleza kazi ya ukanda huo. Mtu anapoinua kisigino ili apige hatua, vidole hupinda kuelekea juu na ukanda huvutwa, kama kamba ya kisima inavyojizungusha kwenye gogo lake. Upinde huinuka, na unyayo ambao punde tu ulikuwa laini wa kupokea uzito hugeuka kuwa wenzo mgumu wa kuusukuma mwili mbele. Jambo hilo hurudiwa maelfu ya mara kwa siku, na ndiyo sababu ukanda huo huwa wa kwanza kulalamika.

Maumivu ya kisigino

Takriban mtu 1 kati ya 10 hupata maumivu ya chini ya kisigino wakati fulani maishani, hasa kati ya umri wa miaka 40 na 60. Chanzo cha kawaida ni kuchoka kwa fashia ya unyayo pale inaposhikana na mfupa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: hatua za kwanza baada ya kutoka kitandani huwa kama kukanyaga msumari, kisha baada ya dakika kadhaa maumivu hupungua. Hurudi baada ya kukaa kwa muda mrefu, kwa mfano mtu anaposhuka kwenye basi la safari ndefu, na tena jioni baada ya kusimama kutwa nzima. Wanaopatwa zaidi ni watu wa kazi za kusimama, kama vile walimu, wauguzi, askari, wapishi na wamachinga, pamoja na wakimbiaji walioongeza umbali ghafla na watu walioongezeka uzito.

Kwa miaka mingi hali hii ilidhaniwa kuwa ni uvimbe wenye joto, na jina lake la kitabibu bado lina maana hiyo. Lakini mwaka 2003 Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walichunguza kwa hadubini vipande vya fashia kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji, wakakuta nyuzi zilizochakaa na kukatikakatika bila dalili za uvimbe. Ugunduzi huo unasaidia kueleza kwa nini vidonge vya kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, hupoza kwa muda tu. Sindano ya steroidi kwenye kisigino nayo hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuukata ukanda wenyewe na kupunguza mafuta yanayotumika kama mto chini ya mfupa.

Picha ya eksirei mara nyingi huonyesha kimwiba cha mfupa chini ya kisigino, na wagonjwa wengi huondoka hospitalini wakiamini kwamba kimwiba hicho ndicho kinachowachoma. Sivyo. Watu wengi wana vimwiba kama hivyo na hawajawahi kuumwa, na wengine wanaumwa bila kuwa navyo. Kukifanyia upasuaji kwa sababu tu kimeonekana kwenye picha ni gharama isiyo na msingi.

Dawa yenye ushahidi zaidi ni ya bei nafuu, ila inadai uvumilivu. Kabla ya kushuka kitandani mgonjwa huketi, huweka mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine na kuvuta vidole kuelekea kwenye muundi mpaka asikie ukanda umekaza. Hushikilia kwa sekunde 10, hurudia mara 10, na hufanya hivyo mara tatu kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Benedict DiGiovanni na wenzake ulionyesha kuwa zoezi hilo lilisaidia kuliko kunyoosha kano ya kisigino peke yake. Baadaye, nchini Denmaki, Michael Rathleff na wenzake walijaribu kuujenga upya ukanda kwa kuubebesha mzigo taratibu. Mgonjwa husimama kwenye ngazi, huweka taulo iliyokunjwa chini ya vidole, huinua kisigino kwa sekunde tatu, hutulia juu kwa sekunde mbili, kisha hushuka kwa sekunde tatu. Zoezi hufanywa siku moja na kuachwa siku inayofuata. Baada ya miezi mitatu waliofanya hivyo walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale walionyoosha tu.

Ndala zenye soli nene kando ya kitanda, ili kisigino kisianze siku kwenye sakafu ya saruji, husaidia pia, na vilevile kuviringisha chupa ya maji yaliyoganda chini ya unyayo jioni. Wagonjwa wanane au tisa kati ya kumi hupona ndani ya mwaka mmoja bila upasuaji. Anayetarajia kupona kwa wiki mbili atazunguka maduka ya dawa bure.

Maumivu yakiwa nyuma ya kisigino, si chini, chanzo huwa ni kano nene inayoshuka kutoka kwenye shavu la mguu, iitwayo kano ya Achilles. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Uswidi alichapisha matokeo ya zoezi la kushusha kisigino polepole chini ya ukingo wa ngazi, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, na bado zoezi hilo ndilo msingi wa tiba. Kano hiyo ina adui asiyejulikana sana: viuavijasumu vya jamii ya siprofloksasini, ambavyo watu wengi hununua bila cheti cha daktari kwa ajili ya tumbo au njia ya mkojo. Vinaweza kuidhoofisha hadi ikatike, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyezidi umri wa miaka 60 au anayetumia steroidi. Anayeanza kuumwa nyuma ya kisigino wakati anatumia dawa hizo anapaswa kuziacha na kumrudia aliyemwandikia siku hiyohiyo.

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14 anayecheza sana mpira, maumivu ya nyuma ya kisigino kwa kawaida hutoka kwenye sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Huisha yenyewe mfupa unapokomaa, na kupumzika kwa wiki chache hutosha.

Maumivu ya mbele ya unyayo

Kiatu chenye kisigino kirefu huhamisha uzito wa mwili kutoka kisiginoni na kuutupa kwenye vichwa vya mifupa mirefu iliyo nyuma ya vidole. Kiatu chenye ncha nyembamba hubana vidole. Mtu akivaa vyote viwili kwa miaka mingi, ngozi ya chini hujenga sugu, na kidole gumba huanza kulalia wenzake huku kiungo chake kikitokeza nje.

Mbano huohuo unaweza kuikera neva inayopita kati ya vidole. Maumivu yake husikika kama kuungua au kama kokoto iliyoingia ndani ya kiatu, mara nyingi kati ya kidole cha tatu na cha nne, na hupungua mtu anapovua kiatu na kuukandakanda unyayo. Thomas Morton, daktari wa Philadelphia, aliyaeleza mwaka 1876, na hadi leo yanaitwa kwa jina lake. Tiba ya kwanza ni kiatu kipana.

Maumivu yanayoanza polepole juu ya unyayo, yakazidi kila mtu anapotembea na kuuma hasa panapobonyezwa kwa kidole kimoja, huenda ni ufa wa mfupa. Daktari wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt aliandika mwaka 1855 juu ya askari waliovimba nyayo baada ya gwaride refu. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa, kwa hiyo hakujua kwamba mifupa yao imepata nyufa. Hata leo picha ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa, kwa sababu ufa mwembamba huonekana baada ya wiki mbili au tatu, mfupa unapoanza kujiunga. Picha safi basi si ruhusa ya kurudi uwanjani.

Jongo, ambalo wengi huliita gauti, huja kwa namna yake. Mtu hulala mzima na kuamka usiku wa manane shina la kidole gumba likiwa limevimba, jekundu na la moto, hata shuka halivumiliki juu yake. Chanzo ni fuwele za asidi ya yuriki zilizojikusanya kwenye kiungo. Husemwa kuwa ni ugonjwa wa wala nyama na wanywa bia. Ni kweli kwamba nyama nyekundu, maini, bia na soda zenye sukari nyingi huchangia, lakini urithi na figo zisizotoa asidi hiyo vizuri huwa na uzito mkubwa zaidi. Baadhi ya vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo huchangia pia. Kumwambia mgonjwa kwamba amejitakia ni kumkosea.

Shambulio hutulizwa kwa kolkisini, steroidi au dawa za kupunguza uvimbe. Hizi za mwisho hazimfai mwenye ugonjwa wa figo wala mwenye vidonda vya tumbo. Kipimo cha damu siku ya shambulio kinaweza kuonyesha asidi ya kawaida, hivyo hakitoshi kuukataa ugonjwa. Mashambulizi yakirudiarudia hutolewa allopurinoli, dawa iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hiyo haitumiwi kwa siku moja moja za maumivu. Hunywewa kila siku kwa miaka, kwa shabaha ya kushusha asidi ya yuriki chini ya miligramu 6 katika desilita ya damu.

Ngozi, funza na kutembea peku

Malengelenge, fangasi kati ya vidole, kucha iliyoingia nyamani na chunjua za chini ya unyayo husababisha maumivu ya kila siku ambayo hutibika katika zahanati yoyote.

Funza ni suala jingine. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na ndani ya miaka thelathini hivi alikuwa amevuka bara hadi pwani ya Afrika Mashariki. Jike hupenya ngozi ya unyayo, hasa pembeni mwa kucha, na kuvimba kwa mayai hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Mtoto mwenye funza wengi hutembea kwa ncha za visigino na huacha shule kwa maumivu na aibu. Kumchokoa kwa pini au mwiba unaopita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine kunaweza kuleta pepopunda na kuambukiza virusi kupitia damu. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mafuta ya dimetikoni, yanayomziba mdudu pumzi, yaliua funza wengi zaidi kuliko kuosha miguu kwa pamanganeti. Pamoja na hayo, sakafu ya vumbi isipowekwa saruji au kumwagiwa maji na kufagiwa mara kwa mara, funza hurudi.

Kutembea peku si kosa kwa kila hali. Mwaka 1992 watafiti wa India waliochunguza alama za nyayo za watoto 2,300 waliripoti kwamba unyayo bapa ulionekana zaidi kwa watoto waliovaa viatu kuliko kwa wale waliokwenda peku. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watu wazima zaidi ya mia moja, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, ulikuta kuwa sugu nene ya mtembea peku haimpunguzii uwezo wa kuhisi ardhi. Sugu ya namna hiyo ni kinga iliyotengenezwa na mwili wenyewe. Lakini kwenye ardhi yenye funza, vioo au minyoo, kiatu ni lazima. Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkeno, kama zile za Ethiopia, Uganda na Rwanda, kukanyaga udongo huo kwa miaka mingi kunaweza kuvimbisha miguu kama matende, ingawa hakuna mbu wala minyoo iliyohusika.

Nyayo zinazowaka moto

Maumivu ya kuungua, kuchomachoma au kama siafu wanaotembea chini ya ngozi, yanayoanzia vidoleni katika miguu yote miwili na kuzidi usiku, hutokana na neva zilizoharibika. Kisukari ndicho chanzo kikuu. Pombe nyingi, virusi vya UKIMWI na upungufu wa vitamini B12, unaoweza kumpata hata anayetumia metformini kwa miaka mingi, ni vyanzo vingine. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kuleta hali hii, ndiyo maana hutolewa pamoja na vitamini B6. Stavudini, dawa ya zamani ya kupunguza makali ya virusi, iliwaunguza nyayo watu wengi Afrika kabla ya Shirika la Afya Duniani kushauri mwaka 2009 iachwe. Kubadilisha viatu hakusaidii hapa. Kinachotakiwa kwanza ni kupimwa sukari.

Unyayo usiouma

Paul Brand, mpasuaji Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914, alifanya kazi Vellore kati ya wagonjwa wa ukoma. Wakati ule iliaminika kwamba ukoma wenyewe huozesha vidole vikadondoka. Brand alionyesha kwamba ukoma huua neva, na kwamba vidole hupotea kwa majeraha ambayo mwenyewe hayasikii. Vingine vilitafunwa na panya usiku mgonjwa akiwa amelala fofofo.

Jambo hilohilo huwapata watu wenye kisukari. Mwaka 2005 Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari waliong'atwa nyayo na panya usingizini bila kuamka. Wengine huungua kwa kukaa karibu na jiko, au hutembea kutwa na msumari uliotoboa soli. Kidonda kisichouma hakimlazimishi mtu kupumzika, hivyo hukanyagwa mpaka maambukizi yafike kwenye mfupa, na safari ya namna hiyo huishia mara nyingi katika kukatwa mguu. Hapa mazoea ya kukandwa kwa maji ya moto, ambayo kwa mtu mwingine ni faraja, huwa hatari kabisa, maana mgonjwa hawezi kusema yamezidi.

Kipimo cha ganzi ni rahisi: uzi wa nailoni unaopinda kwa msukumo wa gramu 10 hugusishwa sehemu kadhaa za unyayo huku mgonjwa akifumba macho. Asiyeusikia anahesabiwa kuwa hatarini. Katika miaka ya 2000 mradi uliojulikana kwa maana ya "Hatua kwa Hatua" uliwafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania na India kuchunguza nyayo kwa namna hiyo na kutibu vidonda mapema.

Mtu mwenye ganzi hukagua nyayo zake kila jioni, kwa kioo au kwa kumwomba wa nyumbani amwangalizie. Hupima maji ya kuoga kwa kiwiko, huingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na havui viatu hata akiwa sebuleni. Sugu zake hazikatwi kwa wembe. Hulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro.

Wakati wa kwenda hospitali

Aliyeteguka huhitaji eksirei ikiwa hawezi kupiga hatua nne, au ikiwa mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa: nyuma ya vifundo, shina la mfupa mrefu wa kidole cha mwisho, au mfupa wa upande wa ndani juu ya upinde. Kanuni hizi zilitungwa Ottawa, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1992. Asiye na dalili hizo anaweza kuokoa fedha za picha.

Mtoto wa miezi sita hadi miaka miwili anayevimba ghafla nyayo na viganja huku akilia akiguswa apimwe selimundu, kwa kuwa huo huwa mara nyingi mwanzo wa ugonjwa huo kujitokeza. Wekundu unaopanda mguuni pamoja na homa, vidole vilivyopoa na kubadilika rangi, au kidonda chochote kwa mwenye kisukari havisubiri kesho. Vilevile unyayo uliovimba na kupata joto bila kidonda kwa mwenye kisukari. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kuteguka kwa sababu hauumi sana, kumbe ndani mifupa inavunjika na kusagika. Ukifungwa plasta mapema na kuacha kukanyagwa, umbo lake linaweza kuokolewa.